Kanga, bata bukini, mbwa au punda: macho ya nani yalinde boma lako?

Asubuhi moja mzee jirani yangu alisimama kando ya ua wetu wa michongoma, kimya, mikono nyuma. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kwenda bondeni, sio kuja kwetu. Mbwa wangu Tomi alikuwa amejilaza barazani, uso ameuelekeza kulekule, wala hakutoa hata mguno. Nilipotoka nikamwamkia, mzee akacheka: "Marahaba, mwanangu. Nimesimama hapa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Huyu mbwa wako macho yake ni pambo tu." Kisha akainua mkono aweke kofia sawa, na Tomi akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Mzee akaenda zake na hukumu yake: mbwa mbovu, nunua kanga. Mimi nikabaki najiuliza. Kama mbwa hakuona, ule mkono aliuonaje? Na kama aliona, mbona alinyamaza muda wote ule? Swali hilo lilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, na tangu hapo nimefuga kanga, bata bukini na mbwa. Punda nimewatazama kwa ndugu zangu Dodoma. Haya nayaandika kwa mfugaji mwenye kuku na mbuzi wachache ambaye fedha yake inatosha mlinzi wa aina moja kwanza, na hajui aanze na yupi. Masikio na pua nitavigusa kidogo tu. Watu wengi huchagua kwa ukali na kelele, macho hawayafikirii kabisa.

Jicho linachuja

Tumezoea kuambiwa jicho ni kamera. Ukichagua mlinzi kwa mfano huo utapotea. Retina ya binadamu, yaani ule utando wa nyuma ya jicho, ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, lakini nyuzi za neva zinazotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ni kama milioni moja tu. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika humohumo jichoni. Mengi yanatupwa, machache yanapelekwa. Na kila mnyama anatupa chake na kupeleka chake, kutegemea mababu zake walikula nini na waliliwa na nani.

Aliyeliweka wazi jambo hili ni chura. Mwaka 1959, Jerome Lettvin na wenzake wa chuo cha MIT kule Marekani waliandika walichokuta baada ya kusikiliza neva ya jicho la chura kwa nyaya nyembamba sana. Kulikuwa na nyuzi zilizoamka pale tu kidoa kidogo cheusi kilipopita mbele ya jicho, kama apitavyo nzi. Kidoa hichohicho kikiwa tuli hakikuzisumbua. Ndiyo maana chura anaweza kufa njaa huku amezungukwa na nzi waliokufa. Chakula kipo, ila jicho lake halina njia ya kukitangaza.

Basi kabla hujauliza bei, jiulize mambo mawili. Adui wako anakuja saa ngapi? Na anatokea wapi, angani au ardhini? Mwewe na kipanga ni wa mchana, wa juu. Nguchiro ni wa mchana, wa chini. Kicheche, fisi na mwizi ni wa usiku. Kwa mwenye haraka, hivi ndivyo ninavyowapanga:

| | Kanga | Bata bukini | Mbwa | Punda |
|---|---|---|---|---|
| Mwewe mchana | bora kuliko wote | wastani | hafai | hafai |
| Nguchiro, nyoka mchana | wazuri sana | wazuri | mzuri | wastani |
| Usiku wa giza | hawaoni kitu | husaidia | bora | mzuri kiasi |
| Kitu kilichotulia tuli | wazuri | wazuri | duni | wastani |
| Usumbufu kwa wenye nyumba | kelele | kelele, kinyesi, kuuma | mdogo | mdogo |

Kanga

Huyu ni ndege wa Afrika tangu asili, na inasemwa kwamba leso tunazoziita kanga zilipata jina kutokana na madoa yake. Ni binamu wa kuku, na mengi tunayoyajua kuhusu macho ya jamii hii yalipatikana kwa kuku, kwa hiyo nitaanzia huko.

Jicho la kuku ni jicho la mchana kwelikweli. Sisi tuna aina 3 za seli za rangi. Yeye anazo 4, na ya nne inamfikisha kwenye mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Ndani ya kila seli ya rangi kuna kitone cha mafuta, na vingi kati ya hivyo vina rangi yake, kama miwani ndogo inayochuja mwanga kabla haujapokelewa. Macho yamekaa ubavuni, kwa hiyo kila moja lina upande wake wa dunia.

Hapa ndipo panaponivutia. Kwa ndege, habari za jicho la kulia huvuka na kwenda hasa nusu ya kushoto ya ubongo, na za kushoto huenda nusu ya kulia, na nusu hizo hazifanyi kazi moja. Lesley Rogers wa Australia na Giorgio Vallortigara wa Italia wametumia miaka mingi kulichunguza jambo hili kwa vifaranga. Jicho la kulia ni la kuchambua: hii punje, hii kokoto. Jicho la kushoto ni la kulinda. Mtazame kuku anaposikia kitu juu: huinamisha kichwa upande mmoja na kuelekeza jicho moja angani, na mara nyingi ni la kushoto.

Mgawanyo huu unaanzia ndani ya yai. Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, kifaranga hujikunja hivi kwamba jicho la kulia linatazama ganda na la kushoto limebanwa na mwili wake. Mwanga kidogo unaopenya ganda, mama anapotoka kunywa maji, hugusa jicho moja tu, na hilo linatosha kuzipa njia za macho kazi tofauti. Mwaka 2004 watafiti hao walilinganisha vifaranga waliopata mwanga wakiwa kwenye yai na walioatamiwa gizani kabisa. Waliwapa kazi mbili kwa pamoja: kutafuta punje katikati ya kokoto huku kivuli cha mwewe wa bandia kikipita juu. Waliopata mwanga walizimudu zote mbili. Wa gizani walichanganyikiwa.

Soma tena hapo kama unanunua vifaranga wa mashine. Mashine nyingi za kutotolesha za mitaani ni masanduku ya giza. Mimi sasa huuliza kama ina kioo au taa ndani, na muuzaji hunitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Jaribio lilikuwa la kuku, lakini kwa kanga pia napendelea walioanguliwa na mama.

Kanga akishaona, hutangaza. Jogoo wa kuku ana mlio mmoja kwa adui wa angani na mwingine kwa adui wa ardhini. Wa kwanza unawafanya wenzake walale chini au wakimbilie kichakani, wa pili unawafanya wasimame wima na kutazama. Kanga nao wanapiga kelele kwa kila kisichokuwa cha kawaida, na kelele zao hazihitaji maelezo.

Lakini neno "cha kawaida" lina uzito. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa tabia za wanyama Konrad Lorenz na Niko Tinbergen walipitisha kivuli cha karatasi juu ya ndege wa kufugwa. Kivuli kilikuwa kimoja: kikienda upande huu kilifanana na bata bukini mwenye shingo ndefu, kikigeuzwa kilifanana na mwewe mwenye mkia mrefu. Kwa muda mrefu ilisemekana ndege huzaliwa wanaijua sura ya mwewe. Baadaye Wolfgang Schleidt alilirudia jambo hili kwa batamzinga na kuonyesha kwamba kinachowatisha zaidi ni kile wasichokiona mara kwa mara. Kivuli kinachopita kila siku huzoeleka, kiwe cha umbo gani.

Maana yake kanga wako watampigia kelele kila anayepita wiki mbili za kwanza, kisha watakuzoea wewe, pikipiki yako na mbuzi wa jirani. Hiyo ni faida. Hasara yake ni kwamba mwizi anayepita kila siku akijifanya muuza mitumba naye atazoeleka.

Usiku usiwategemee. Seli zinazofanya kazi gizani ni chache kwao, na jua likizama hupanda mtini na mambo yao yameisha hadi alfajiri. Wanaweza kulia wakitikiswa, ila hapo kicheche ameshafika.

Bata bukini

Jina lake linatokana na Buki, jina la zamani la Madagaska kwa Waswahili, ingawa bata mwenyewe si wa huko. Wazungu hupenda kukumbusha kwamba bata bukini waliuokoa mji wa Roma mwaka 390 kabla ya Kristo kwa kuwaamsha walinzi. Hadithi ile naipenda, ila ni ya masikio zaidi kuliko macho.

La macho ni hili. Mwaka 1999 Niels Rattenborg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana State walipanga bata kwa mstari wakawapiga picha wakiwa wamelala. Bata wa katikati walifumba macho yote. Wa pembeni walilala zaidi na jicho moja wazi, lile linalotazama nje, na nusu ya ubongo inayopokea habari za jicho hilo ilibaki nusu macho huku nusu nyingine imelala. Hao walikuwa bata maji wa mwituni, jamaa wa karibu wa bukini, na tabia ya kulala jicho moja wazi imeonekana kwa ndege wa aina nyingi.

Kwa hiyo ukinunua bukini, nunua kundi dogo, wanne au watano, na uwaache walale mahali pa wazi karibu na banda unalotaka lilindwe. Ukiwafungia ndani ya kuta nne umewanyang'anya wale wa pembeni kazi yao. Gizani hawalingani na mbwa, lakini palipo na mbalamwezi au taa ya mbali wanaona mtu akisogea, na masikio humalizia kazi.

Kero zao sitazificha. Wanataka maji na majani, wanachafua kila mahali, na dume akishaamua kwamba mtoto wako ni adui, mtoto huyo hatafika chooni peke yake.

Mbwa

Sasa turudi kwa Tomi. Katika jaribio moja la mwaka 1936 la mbwa wa polisi, mbwa wenye macho makali kuliko wenzao walitambua kitu kinachosogea kikiwa umbali wa mita 810 hadi 900. Kitu kilekile kikisimama, walihitaji kiwe ndani ya mita 585. Mzee wangu alikuwa karibu zaidi ya hapo, ndiyo, lakini alikuwa na nguo za rangi ya majani makavu mbele ya michongoma mikavu, na hakutikisika. Kwa mbwa, ambaye picha yake ni ya ukungu ukilinganisha na yetu, mzee alikuwa kisiki. Mkono ulipoinuka, kisiki kikawa mtu.

Rangi nazo hazikumsaidia. Mwaka 1989 Jay Neitz na wenzake walithibitisha kwamba mbwa ana aina 2 tu za seli za rangi. Anatenganisha bluu na njano. Nyekundu na kijani kwake ni ndugu. Mpira mwekundu kwenye nyasi anaupata kwa pua.

Utafiti wa mwaka 2022 wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ulinifumbua macho kuliko yote. Walimfundisha mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupima ubongo bila kufungwa wala kulewa dawa, kisha wakamwonyesha video. Mbwa walikuwa wawili tu, kwa hiyo tuupokee kwa tahadhari. Kwa binadamu, kompyuta iliweza kusoma kwenye ubongo kinachoonekana (mtu, gari, mbwa) na kinachofanyika (kula, kucheza, kunusa). Kwa mbwa ilisoma kinachofanyika. Kuhusu ni kitu gani, haikupata la maana. Ukitazama mbwa wako kwa jicho hilo, mengi yanaeleweka. Yeye anauliza "kunatendeka nini?" kabla ya "nani huyo?" Ndiyo maana ukivaa ndoo kichwani ukatembea kwa namna ngeni, mbwa wako mwenyewe atakubwekea.

Usiku ndipo anapolipa gharama zake. Nyuma ya retina ana utando unaorudisha mwanga kama kioo, hivyo mwanga uliopita bila kupokelewa hupata nafasi ya pili. Ndicho kinachomulika ukimpiga tochi usoni. Kuku hana, kanga hana, wala wewe huna.

Ukienda kuchagua, tazama pua. Watafiti wa Sydney, Paul McGreevy na wenzake, walionyesha mwaka 2004 kwamba mbwa wa pua ndefu seli zao za neva jichoni zimejipanga kama ukanda wa mlalo, unaokagua upeo wote kwa mara moja. Wa pua fupi zimerundikana katikati, wanaona vizuri kilicho mbele ya uso. Yule mbwa wa bei kali mwenye uso uliobonyea atakutazama kwa mapenzi makubwa, lakini ukanda wa kukagua mipaka ya shamba hana. Mbwa wetu wa kienyeji mwenye pua ya wastani anatosha.

Kwa mwewe usimtegemee. Sijawahi kumwona Tomi akitazama juu ila kuna ndizi inadondoka.

Punda

Kwa punda nitakuwa mfupi. Mboni yake ni ya mlalo, kama ya mbuzi. Mwaka 2015 Martin Banks wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, na wenzake walipitia wanyama wa aina 214 wakaona mboni za mlalo ni za wale wanaoliwa, na huwapa mtazamo mpana wa upeo wa ardhi pande zote. La ajabu, waliona farasi, mbuzi na kondoo wakiinamisha kichwa kula, macho huzunguka ndani ya tundu lake, digrii 50 au zaidi, ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Anakula huku upeo umenyooka.

Kwa hiyo punda malishoni na mbuzi huona kinachonyemelea kabla yako, na hapendi kabisa jamii ya mbwa. Huko Marekani na Australia wanamtumia kufukuza mbweha wa kwao na mbwa wazururaji. Hapa kwetu, kama una mbweha au mbwa koko, atakufaa. Kama una fisi wa makundi au simba, umewaongezea chakula kikubwa zaidi.

Jicho lake la usiku ni zuri, ila linachelewa kuzoea likitoka kwenye mwanga. Usimtoe chini ya taa ukamtarajia aone gizani papo hapo.

Na taa?

Wengi huniuliza kama taa ya sola haiwezi kuchukua nafasi ya hawa wote. Jibu bora alilitoa kijana Mkenya, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alijaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu la kutishia. Siku ya kwanza simba waliondoka, siku ya pili walirudi kwa sababu halisogei. Usiku mmoja akizunguka na tochi simba hawakuja, akaelewa: wanaogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, akiwa na umri wa miaka 11 tu, na mwaka 2013 akaisimulia dunia.

Taa isiyobadilika humfundisha mnyama kwamba si kitu, kama kivuli cha Schleidt. Taa ya kupokezana, hasa ukibadilisha mpangilio kila baada ya muda, inafanya kazi. Ila yenyewe haikuamshi.

Ningenunua kipi

Kama hasara yako ni vifaranga na wanapotea saa nne asubuhi, nunua kanga sita na usiniulize tena. Kama mabanda yanavunjwa usiku, mbwa wa kienyeji wawili, kwa sababu mmoja hulala. Ukiwa na kiwanja kidogo cha mjini chenye geti moja, na majirani wavumilivu, bukini wanne watamshinda mbwa mzembe. Punda ni wa mwenye mbuzi wa kulisha mbali na nyumba, basi.

Fedha ikipatikana baadaye, ongeza wa zamu ya pili: kanga kwa mchana, mbwa kwa usiku. Ndivyo nilivyofanya, na mzee anadai wazo lilikuwa lake. Waanze pamoja wakiwa wadogo, la sivyo kanga wa kwanza anayekimbia mbele ya mbwa ni kitu kinachosogea, na unajua sasa jicho la mbwa linampelekea habari gani.

Na kibanda cha mbwa usikiweke chini ya taa ya baraza. Mpe kona ya giza, uso uelekee nje kwenye giza anakotokea mwizi, taa iwe upande wa pili imulike anayekuja.